Kumchagua Fahali wa Mbegu

Ng'ombe jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, tena akijaliwa. Fahali mmoja aliyekubaliwa na majirani aweza kuwa baba wa ndama 30 katika muda huo huo. Kwa hiyo jike mbaya humtia hasara mwenyewe peke yake, bali fahali mbaya huutia hasara mtaa mzima. Katika Mutuini, huko Dagoretti upande wa magharibi wa Nairobi, jambo hili lina uzito wa pekee. Mashamba ya huko ni madogo, na aghalabu mtu ana ng'ombe wawili au watatu tu, wafungwao zizini na kukatiwa majani ya nepia. Mwenye ng'ombe wawili hana faida ya kumlisha fahali wake mwenyewe mwaka mzima. Basi fahali mmoja hutumikia nyumba nyingi, na kosa la yule aliyemchagua huingia katika mazizi ya watu ambao hawakuulizwa.

Tena kosa lenyewe halionekani upesi. Hesabu yake ni hii. Fahali akianza kazi leo, jike atachukua mimba miezi 9 na siku chache. Mtamba atakayezaliwa, akitunzwa vizuri, atapandishwa apatapo miezi 18 hivi, naye atachukua mimba miezi 9 mingine. Miaka 3 itakuwa imepita kabla ya binti wa kwanza wa fahali huyo kukamuliwa, na mwaka wa nne utakuwa ukingoni kabla ya mwenyewe kujua jumla ya maziwa ya uzao wake wa kwanza. Wakati huo wote fahali hakukaa bure. Akipandisha majike 30 kwa mwaka, na nusu ya ndama wakiwa majike, basi katika miaka 2 tu yamkini mitamba 25 au zaidi wamekwisha kuzaliwa au wamo matumboni. Mchaguzi, kwa hiyo, hana budi kuamua kwa macho yake na kwa kuuliza habari, siku ile fahali angali kijana wa mwaka mmoja na kitu.

Yupo atakayesema ya kwamba siku hizi hakuna haja ya fahali, maana kuna kupandisha kwa mrija. Ni kweli, na apataye huduma hiyo kwa wakati na kwa gharama anayoiweza asiiache. Kenya iliianza kazi hiyo tangu mwaka 1935, na mwaka 1946 kituo kikuu cha mbegu kilianzishwa Kabete, mahali pasipo mbali na Mutuini. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa magonjwa ambayo mafahali walikuwa wakiyaeneza kwa majike. Lakini tangu mwaka 1991, serikali ilipoanza kuiacha kazi hiyo mikononi mwa watu binafsi, gharama ilipanda, na wafugaji wengi wadogo walirudi kwa fahali wa jirani. Jike mwenye joto hangoji, na mpandishaji akichelewa siku moja, majuma matatu yamepotea. Maadamu fahali yungali akitumika, ni heri atumike aliye bora.

Chukulia mfano wa madume wawili wa miezi 15, wote wa damu ya Friesian, wamefungwa kwenye ua mmoja wakingoja mnunuzi. Wa kwanza amenona, ngozi yake yang'aa, shingo imejaa na mabega ni mazito. Wa pili ni mrefu, mbavu zake zaonekana kidogo, na hana la kumvuta mpita njia. Watu 9 kati ya 10 watamshika wa kwanza. Huenda wakawa na haki, lakini bado hawajui, kwa maana walilolitazama ni mafuta, na mafuta hayarithiwi. Mafuta ni habari ya chakula alichopewa dume huyo katika miezi michache iliyopita. Zaidi ya hayo, hufunika makosa ya mifupa kama vile lipu ifunikavyo nyufa za ukuta, na yakizidi ndani ya mfuko wa korodani huzuia joto kutoka.

Jambo la kwanza ni kuwafungua na kuwatembeza. Katika maonyesho ya kilimo ya Nairobi, yafanywayo Jamhuri Park, madume huzungushwa uwanjani ili mwamuzi awaone wakienda, na mfugaji naye afanye vivyo hivyo hata kama ua ni mdogo. Dume mwenye miguu mizuri hutembea bila kuyumba, na kwato ya nyuma hukanyaga karibu sana na pale ilipotoka kwato ya mbele. Akikanyaga nyuma sana ya alama hiyo, au akitupa miguu nje kama mtu aliyevaa viatu vya kumbana, kuna kasoro mahali fulani.

Kisha asimamishwe mahali tambarare, atazamwe kwa ubavu. Mguu wa nyuma ndio wa kukaguliwa kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu fahali apandapo jike uzito wake wote huangukia hapo. Mtazamaji awaze uzi uliofungiwa jiwe, ukining'inia kutoka ncha ya mfupa wa tako hadi chini. Uzi huo wapasa kugusa nyuma ya kifundo kikubwa cha mguu na kuteremka sambamba na mfupa ulio chini yake. Mguu ukijikunja mno kama mundu, kisigino cha kwato hulemewa. Mguu ukinyooka mno kama nguzo, kosa ni kubwa zaidi, maana hauna mnepo wa kupokea uzito. Kifundo huvimba, na fahali wa miaka 3 hukataa kupanda kwa sababu ya maumivu. Mwenyewe hudhani amekuwa mvivu. Akitazamwa kwa nyuma, vifundo visigusane wala visitazamane, bali miguu iwe wima na mbalimbali.

Kwato nazo ziwe na vidole viwili vilivyo sawa, vifupi, vyenye kisigino kirefu kiasi. Hapa wakaaji wa Mutuini wana sababu mbili za kuwa wakali. Katika masika udongo mwekundu wa huko hugeuka matope yasiyokauka, na kwato dhaifu huoza. Tena binti zake watasimama juu ya saruji maisha yao yote, na kwato zenye umbo baya, zisizolika kwa kutembea, hurefuka na kupinda upesi.

Baada ya miguu, korodani. Wengine huona haya kuzishika, na haya hiyo imewagharimu wengi. Lazima ziwe mbili, zimeshuka zote, zenye ukubwa unaokaribiana, ngumu kiasi kama msuli uliokazwa, na zisogee bila kushikamana na mfuko. Dume mwenye korodani moja aweza kuzalisha, lakini kasoro hiyo hurithiwa. Ahasiwe, asibakizwe kwa huruma. Kipimo chaweza kuchukuliwa kwa utepe wa fundi cherehani. Korodani huvutwa chini taratibu na utepe huzungushwa mahali palipo panene kuliko pote. Dume wa aina za Ulaya, afikapo miezi 15, asipungue sentimeta 30. Dume wa kizebu hukomaa baadaye, naye asihukumiwe kwa kipimo hicho. Jambo hili si la fahali peke yake, kwa maana binti wa fahali mwenye kipimo kikubwa huelekea kuingia joto la kwanza mapema zaidi.

Mfuko wenyewe uwe na shingo inayoonekana, ukining'inia mbali na mwili. Mbegu haitengenezwi vizuri katika joto la mwili. Yahitaji mahali palipo baridi zaidi kwa nyuzi 4 hivi. Kuumbika kwake huchukua siku 60 au karibu na hapo. Kwa hiyo dume aliyepata homa kali, kama ile ya ndigana, aweza kuonekana amepona kabisa na huku hazalishi kwa muda wa miezi 2. Mnunuzi aulize dume aliugua lini. Wakati huo huo apapase kitovu kama kina uvimbe wa ngiri, na aone kwamba ala haining'inii mno hata ikwaruzwe na miiba.

Kwa kiwiliwili chenyewe maneno machache yatosha. Kidari kiwe kipana kati ya miguu ya mbele, na mzingo wa kifua nyuma ya mabega uwe mkubwa, maana humo ndimo moyo na mapafu yalimo. Mbavu zipanuke na kurudi nyuma, zimpe tumbo nafasi ya majani mengi. Mgongo uwe ulionyooka. Kutoka mifupa ya nyonga hadi mifupa ya matako kuwe na mteremko mdogo, na upana wa nyuma usipungue, kwa sababu ndilo umbo ambalo binti zake watazalia. Taya ya chini isiipite ya juu wala isipungukiwe nayo. Macho yawe mang'avu. Kichwa kiwe cha kiume, kisifanane na cha maksai. Mabega yakiwa mazito kupita kiasi, kama ya yule dume wa kwanza, si jambo la kushangilia: fahali mwenye kuzaa ndama wakubwa mno huwatesa mitamba wanaozaa mara ya kwanza, na katika usiku wa namna hiyo mtu hupoteza ndama na mama yake pamoja.

Lakini hata aliye na miguu bora na korodani bora hajaonyesha maziwa. Hakuna rangi, pembe wala kishungi cha manyoya kinachoonyesha maziwa katika dume. Waamuzi wa zamani walipenda kutazama vichuchu vidogo vilivyo mbele ya mfuko wa korodani, kama vimepangika vizuri. Si vibaya kuvitazama, ila shahidi mkubwa zaidi ni mama yake, na kama mama yuko katika zizi hilo hilo, mnunuzi aombe kumwona akikamuliwa. Atazame kama kiwele kimeshikamana na mwili au kimelegea hadi magotini, kama chuchu ni sawa, kama miguu ya mama ni ile ile aliyoisifu kwa mwana. Aulize amezaa mara ngapi, na kwa vipindi gani. Jike aliyezaa mara 5 bila kuruka mwaka ni sifa kubwa kuliko kikombe cha maonyesho. Fahali aliyeandikwa katika Kenya Stud Book ana hati ya nasaba yake, na hati hiyo isomwe, isitundikwe ukutani tu. Ikiwa muuzaji hana daftari la maziwa wala hawezi kumwonyesha mama, bei na ishuke sana, au mnunuzi aende zake.

Limebaki jambo ambalo jicho haliwezi kuliona kabisa. Yako magonjwa ya uzazi ambayo fahali huyachukua bila kuonyesha dalili yoyote, na majike ndio waonao taabu: hurudia joto mara kwa mara, au huharibu mimba changa. Yupo pia ugonjwa wa kutupa mimba, uitwao brusela, unaowapata hata watu wanywao maziwa mabichi. Fahali aliyekwisha kupandisha mahali pengine asiingizwe katika mtaa kabla ya daktari wa mifugo kumpima. Gharama ya kipimo yaweza kugawanywa kati ya nyumba zote zitakazomtumia.

Aliyenunuliwa atiwe pete puani kabla ya kufikia umri wa mwaka na nusu, kama hana bado. Wakikuyu humwita fahali ndegwa, na wanaume wengi huitwa kwa jina hilo kwa fahari, ila fahali wa aina za maziwa, hata aliyelelewa na watoto wa nyumbani, aweza kumwua mtu kwa dakika moja. Katika miezi ya kwanza apewe jike mmoja au wawili kwa juma, wasizidi. Baada ya miaka 2 hivi, kabla binti zake hawajafikia umri wa kupandishwa, yapasa aondoke Mutuini na kubadilishwa na fahali wa mbali kidogo, kama Waithaka au Ruthimitu, asije akawapanda watoto wake mwenyewe. Ataondoka kabla hata mmoja wao hajakamuliwa.

Na wale madume wawili wa uani? Walipotembezwa, yule aliyenona alionekana ana miguu ya nguzo, na utepe ulisimama kwenye sentimeta 27. Huyo thamani yake iko kwenye mizani ya machinjioni Dagoretti, ambako mafuta yana bei nzuri. Yule mrefu alipita kwa miguu na kwa kipimo, na sasa yafaa mnunuzi aulize mama yake yuko wapi.