NEEMA SI MSHAHARA

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anaijua methali isemayo kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Tumeiandikia insha tangu shule ya msingi, na mara nyingi mhusika wetu huishia jela au hospitalini. Mimi sina ugomvi na wahenga. Lakini ukiipima methali hii kwa mizani ya imani ya Kikristo, utaona inampa mkosaji nafasi moja tu. Petro alipomwuliza Bwana wake kama yatosha kumsamehe ndugu mara saba, bila shaka alijiona mkarimu sana. Akaambiwa sabini mara saba. Mwalimu wa Hisabati atatwambia hiyo ni 490, lakini sidhani hata yeye angefungua daftari aanze kuhesabu.

Nataka kueleza tofauti ya kuishi kwa neema na kuishi kwa hatia, maana hapa shuleni twaimba neema kila Ijumaa, kisha wiki nzima twaishi kwa hatia.

Kwa kuwa hili ni gazeti la chama cha Kiswahili, tuanze na maneno yenyewe. Neema ni neno lenye asili ya Kiarabu, na wenzetu Waislamu wanalitumia kama sisi. Mkulima akisema mwaka huu ni wa neema, ana maana kuwa mvua imenyesha na ghala limejaa. Hakuna mkulima aliyeilipa mvua. Hatia nayo ni neno la mahakamani: mtu hupatikana na hatia, kisha hakimu hutaja adhabu. Paulo, katika Waraka kwa Warumi sura ya 4, anatoa mfano wa mfanyakazi. Anayefanya kazi hupewa mshahara kwa kuwa anadai, wala hana haja ya kumshukuru mtu kana kwamba amepewa zawadi. Kwa hivyo ukiifanyia neema kazi, umeigeuza mshahara.

Liko na jambo la sarufi. Hapa kwetu Kenya twasema "nimeokoka". Kitenzi ni okoa. Okoka ni kauli ya kutendeka, na okolewa ni kauli ya kutendwa. Ukisema umeokolewa, msikilizaji atauliza, na nani? Ukisema umeokoka, mtendaji hatajwi, na ni rahisi mtu kudhani ni kazi aliyoifanya mwenyewe, kama vile kupita mtihani. Sisemi neno libadilishwe, limeshazoeleka. Nasema tu kwamba mtendaji yupo.

Sasa fungua Luka sura ya 15, kisa cha mwana mpotevu. Sisi hukisoma haraka kwa sababu twakijua. Kule kwenye nguruwe, kijana alitunga hotuba yenye sehemu tatu: kwanza akiri kosa lake, pili aseme hastahili tena kuitwa mwana, tatu aombe kufanywa kama mmoja wa watumishi wa mshahara. Alipofika nyumbani alisema ya kwanza na ya pili. Ya tatu haikusemwa! Baba alikuwa tayari anawaagiza watumishi walete vazi, pete na viatu. Kijana alitaka kurudi kama kibarua, alipe deni polepole, na baba hakumpa hata nafasi ya kutaja mshahara.

Na yule kaka yake aliyebaki nyumbani je? Kumbe naye alikuwa akihesabu. Alilalamika kwamba miaka yote ametumika na hajapewa hata mwana-mbuzi wa kufurahi na rafiki zake. Twazoea kusema mmoja alikuwa mbaya na mwingine mwema. Mimi naona walikuwa ndugu kabisa, kwa maana wote wawili walijiona vibarua katika nyumba ya baba yao.

Historia inatupa mfano wa mtu aliyejaribu njia ya kibarua mpaka mwisho wake. Martin Luther wa Ujerumani alikuwa mwanafunzi wa sheria mnamo 1505 aliponusurika radi njiani. Kwa hofu aliahidi kuwa mtawa, na akaingia nyumba ya watawa mjini Erfurt. Huko alifunga, akakesha na kusali kuliko wenzake. Alipokwenda kuungama, aliweza kukaa saa nyingi akichambua dhambi moja moja, kisha akitoka akumbuke nyingine. Padre wake, Johann von Staupitz, alichoka naye. Luther alikuwa akisoma maneno "haki ya Mungu" katika Warumi sura ya 1 na kuona fimbo. Baadaye, akiwa mwalimu wa chuo kikuu Wittenberg, alielewa kwamba haki hiyo ni kitu anachopewa mtu kwa imani. Mwaka 1517 alipotoa hoja zake 95 kuhusu vyeti vya msamaha vilivyouzwa kwa pesa, ndipo Ulaya ilipotikisika. Wengi hukumbuka zile hoja 95. Mimi namkumbuka zaidi yule mtawa anayerudi mlangoni kwa padre kwa sababu amesahau dhambi moja.

Namkumbuka kwa sababu namjua mtu wa namna hiyo. Rafiki yangu mmoja, ambaye sitamtaja, ameitikia mwito wa kuokoka mara tano tangu kidato cha kwanza. Kila mhubiri mgeni akija na kuuliza nani ana dhambi ya siri, yeye ndiye wa kwanza kusimama. Wiki mbili hivi anakuwa sawa, kisha anagombana na mtu nyumbani au anakosa kusali asubuhi, basi anasema yote yameharibika. Muhula huu ameacha kuja kabisa. Nilipomwuliza alisema, "Wacha kwanza nijirekebishe, ndio nirudi." Hiyo ni ile sehemu ya tatu ya hotuba.

Kuna watakaosema kwamba neema ikihubiriwa hivi, wanafunzi watafanya watakavyo. Paulo alikwishalijua swali hilo, na katika Warumi sura ya 6 alilikataa kwa nguvu. Lakini tazama Zakayo katika Luka sura ya 19. Bwana Yesu alimwita ashuke mkuyuni na akasema atashinda nyumbani kwake siku hiyo, kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Baada ya hapo ndipo Zakayo aliposema atawapa maskini nusu ya mali yake na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Angekuwa mtu wa hatia, angelipa kwanza ndipo aombe kukaribishwa. Kwa hivyo neema haifuti deni la mwenzako. Aliyechukua kitabu cha maktaba na akirudishe! Ila asikirudishe akidhani ananunua kiti mbinguni.

Nyanya yangu ni mmoja wa ndugu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda na kufika Kenya mwaka 1937. Watu hawa hutubu wazi wazi mbele ya wenzao, na zamani nilidhani wanaishi kwa hatia kupita sisi sote. Nikamwuliza, "Nyanya, wewe umeokoka mara ngapi?" Akacheka. "Mara moja, mjukuu wangu. Kutubu ndiko kwa kila siku. Sasa mtoto akichafuka, huzaliwa upya? Si huoga tu." Kisha akanituma maji.

Maneno hayo niliyapeleka kwa rafiki yangu. Hakunijibu, ila aliniuliza kama twakutana bado Ijumaa saa saba, katika lile darasa lililo karibu na maabara. Nikamwambia ndiyo, pale pale, na kwamba hatuiti majina.