Rai Yako ni Ushahidi



Ndugu zangu wanafunzi, somo la toleo hili linahusu jambo tunalolifanya kila siku bila kulihesabu kuwa ni amali: kutoa rai. Tunatoa rai kuhusu uchaguzi, kodi, bei ya unga, na siku hizi kuhusu mashine zinazochukua kazi za watu. Tunazitoa kwenye foleni ya chakula, ndani ya teksi na kwenye simu, kisha tunalala usingizi mzuri. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha. Majina ya wahusika sitayataja.

Nilichokisikia kwenye kibanda cha chai

Ninaishi kwa mjomba wangu Kisenyi, chini ya kilima cha Old Kampala. Anayeijua Kisenyi anaijua sauti yake: mashine za kusaga mahindi hunguruma tangu alfajiri, vumbi la unga hukaa kwenye nyusi za watu, na malori husimama mstari yakisubiri kushushwa mahindi ya Masindi na Busoga. Pembeni kuna maduka ya Wasomali, vibanda vya kutuma pesa na kina mama wauza chai. Kiganda, Kisomali na Kiswahili hukutana kwenye benchi moja.

Mwaka jana, jioni moja baada ya swala ya alasiri, nilikuwa nimekaa kwenye benchi hilo nikinywa chai. Nyuma yangu alikaa Hajji mmoja mwenye mashine ya kusaga, pamoja na mwanawe. Walikuwa wakitazama picha kwenye simu. Lori lilikuwa likipita, kwa hiyo sikusikia yote. Nilisikia Hajji akisema: "Ikija hii, hatutahitaji tena watu..." Mengine yakamezwa na mlio wa lori.

Wiki ile nilikuwa nimeandika insha darasani kuhusu mashine na ajira. Kichwa kilikuwa kimejaa. Nikaandika kwenye kundi la vijana wa msikiti wetu kwamba Hajji analeta mashine ya kupima na kufunga unga, na kwamba watu ishirini watafukuzwa baada ya Idi. Ishirini niliitoa wapi? Kichwani mwangu. Idi niliitoa wapi? Niliona inaleta uchungu zaidi. Nikaongeza maneno mawili matatu kuhusu matajiri na wanyonge. Wenzangu wakanisifu kwa uchambuzi.

Kufika Isha habari ilikuwa imegeuzwa Kiganda. Kufika alfajiri ilikuwa ujumbe wa sauti, na watu walikuwa wamefika arobaini. Asubuhi wabeba magunia walikataa kushusha lori. Kaka mmoja, baba wa watoto wawili, aliyebeba magunia pale kwa miaka tisa, alisimama mbele kuwasemea wenzake. Maneno yakapanda. Mvua ikanyesha mahindi yakiwa bado juu ya lori. Siku ile ile yule kaka aliambiwa asirudi.

Picha ilikuwa ya nini? Ilikuwa picha ya kipimo cha unyevu wa mahindi, kifaa kidogo kama redio ya mkononi. Mpaka siku ile mnunuzi pale alikuwa akichukua punje na kuiuma kwa meno ili ajue kama imekauka. Hajji alikuwa amesema: "Ikija hii, hatutahitaji tena watu wa kuuma punje." Aliyekuwa akiuma punje ni mwanawe.

Funzo la kwanza: habari kwanza, rai baadaye

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Allah Subhanahu wa Taala anawaamrisha waumini wachunguze wanapoletewa habari, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Wafasiri wengi wanaeleza kwamba aya hii ilishuka kuhusu Walid bin Uqba, aliyetumwa kwa Banu Mustaliq kukusanya zaka. Aliwaona wametoka kwa wingi, akaogopa, akarudi Madina na kusema kwamba wamekataa zaka na wanataka kumuua. Karibu jeshi lipelekwe. Kumbe wale watu walikuwa wametoka kumlaki.

Tazama alichokiona na alichokisema. Alichokiona ni watu wametoka. Kukataa zaka hakukuona. Alikiongeza mwenyewe kwa hofu. Na mimi nilisikia maneno matano, nikayaongeza ishirini.

Imam Muslim amepokea katika utangulizi wa Sahihi yake hadithi ya Mtume (s.a.w.) yenye maana kwamba inamtosha mtu kuhesabiwa mwongo akisimulia kila anachokisikia. Ndugu msomaji, hapa hasemwi mtu aliyetunga. Anasemwa mtu aliyepitisha tu. Kubonyeza kitufe cha kusambaza ni kusimulia.

Wala tusidhani tatizo ni simu peke yake. Mnakumbuka uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021. Intaneti ilizimwa usiku wa kuamkia siku hiyo, ikakaa siku kadhaa bila kurudi. Je, uvumi ulikoma Kisenyi? Ulitembea kwa miguu, na kwa kuwa hapakuwa na pa kuuhakikisha, ulinenepa zaidi.

Funzo la pili: tenga vikapu vitatu

Tangu siku ile nimejifunza kutenga maneno yangu katika vikapu vitatu: ninachokijua, ninachokidhani na ninachokihofia. Vyote vitatu vinaruhusiwa kuwemo moyoni. Kosa ni kuchukua cha kikapu cha tatu na kukiuza kama cha kikapu cha kwanza.

Nitatoa mfano unaohusu mahindi yaleyale. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania, ikisema vipimo vimeonyesha sumu kuvu kupita kiwango salama. Siku chache baadaye ikaruhusu tena kwa masharti, likiwemo la cheti kuonyesha kwamba sumu hiyo haizidi kiwango kilichowekwa. Nilikuwa bado sekondari, lakini nakumbuka maneno ya mtaani: "Wakenya wanatuonea. Hii ni siasa tu."

Weka hayo kwenye vikapu. Kwamba kulikuwa na siasa, hiyo ni dhana, na mtu anaweza kuwa na sababu za kuidhani. Kwamba kuvu huota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri, na kwamba sumu yake hudhuru ini la mlaji, hilo linajulikana. Na mlaji wa kwanza wa mahindi yetu hayupo Nairobi. Ni mwanafunzi wa shule ya bweni Uganda anayekula posho kila siku. Tuliobaki kwenye dhana hatukuanika hata punje moja. Hajji aliyetafuta kipimo cha unyevu alishika lile linalojulikana akalifanyia kazi, na mimi nikamlipa kwa uvumi.

Ukiulizwa jambo ambalo halimo kwenye kikapu cha kwanza, sema "sijui." Imam Malik, mwanachuoni wa Madina, anajulikana kwa kuulizwa maswali mengi na mengi kati yake kuyajibu hivyo. Sisi tuna muhula wa tatu tu chuoni na hakuna swali linalotushinda!

Funzo la tatu: uwe mwadilifu kwa pande zote mbili

Wengine watasema: kwa hiyo wabeba magunia wanyamaze, na wenye mali waachwe? Hapana. Hofu ya yule kaka haikuwa ya kijinga. Mashine za kupima na kufunga unga zipo duniani, na siku moja zitafika mtaani kwetu. Kosa langu halikuwa kujali. Kosa lilikuwa kusema la uongo kwa niaba ya watu wenye haki, na uongo ule ukawaondolea nguvu. Siku mashine ya kweli itakapokuja, nani atawasikiliza?

Rai ya haki kuhusu mashine haiwezi kuwa ya neno moja. Mashine ya kusaga yenyewe ilichukua kazi ya kinu na mchi, na hakuna bibi wa kijijini ambaye angependa kurudi huko. Lakini bibi yule hakuwa akilipwa mshahara kwa kutwanga. Mbeba magunia analisha watoto kwa mgongo wake. Kwa hiyo mfano huu haumalizi mjadala. Lazima tuulize kila mara: ni kazi ya nani inayoondoka? Faida inakwenda kwa nani? Nani atamfundisha kazi nyingine?

Dini yetu imetupa pande zote mbili. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alikubali ushauri wa Salman al-Farisi wa kuchimba handaki, mbinu ya Waajemi ambayo Waarabu hawakuizoea. Kipya si haramu kwa sababu ni kipya. Na katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah tumeamrishwa tumlipe kibarua ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Anayesoma la kwanza akaliacha la pili, amechagua linalomfaa.

Kisha rai ipelekwe mahali pake. Suratun Nisaa, aya ya 83, inawalaumu wanaoipata habari ya amani au ya hofu wakaitangaza papo hapo, badala ya kuirejesha kwa wenye uwezo wa kuichambua. Mfano wa karibu ni kodi ya pesa za simu. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza asilimia 1. Watu walilalamika kwa hesabu zinazoeleweka, wakaonyesha kiwango chenyewe na anayeumia. Kabla mwaka haujaisha Bunge liliipunguza hadi asilimia 0.5, ikabaki kwenye kutoa pesa tu. Lalamiko lenye takwimu sahihi, likipelekwa panapohusika, hufanya kazi ambayo matusi hayafanyi.

Mwisho wa kisa

Siku tatu baadaye nilikwenda kwa Hajji, nikamweleza kila kitu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, umekuja kwangu peke yako. Maneno yako yalikwenda na watu wangapi?"

Nikarudi kwenye kundi na kuandika ukweli. Waliousoma walikuwa wachache kuliko waliousoma uongo. Nikazunguka mtaani nikimweleza mmoja mmoja. Yule kaka hakurudishwa. Alipata kazi kwenye mashine nyingine, kwa malipo madogo zaidi. Nilimwomba msamaha. Aliniambia, "Nimesamehe, mdogo wangu. Lakini nilikuamini kwa sababu wewe unasoma chuo."

Neno hilo ndilo nililotaka niwafikishie. Sisi tukisema, watu wa mtaani kwetu wanadhani tumechunguza. Rai ya mwanafunzi inabebwa kama ushahidi, na ushahidi una siku ya kuulizwa.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Chukua habari moja uliyoisambaza wiki hii. Ulichokiona mwenyewe ni kipi, na ulichokiongeza ni kipi?
2. Ni kazi gani mtaani kwenu inayoweza kuchukuliwa na mashine katika miaka michache ijayo? Je, umewahi kuzungumza na mtu anayeifanya?
3. Kuna mtu uliyemdhuru kwa maneno usiyo na uhakika nayo? Utaanza vipi kurekebisha?

Allah atujaalie ndimi za kweli, na atusamehe tuliyoyasema bila ujuzi. Aamin.