Kuondolewa Ada Si Kuondolewa Ubaba

Bismillahi Rahmani Rahim.

Amma baad. Enyi ndugu zetu wa Kilwa, Lindi na pwani zake, wako miongoni mwetu wadhanio ya kuwa mtoto akishapelekwa kwa mwalimu, deni la baba limekwisha. Na tangu mwaka 2016 serikali ilipoondoa ada katika shule zake mpaka kidato cha nne, huenda wengine wamezidi kudhani hivyo. Lakini kuondolewa ada si kuondolewa ubaba.

Itazameni khabari ya Badri, mwaka wa pili wa Hijra (624). Imepokewa ya kuwa mateka waliojua kuandika, wasio na mali ya kujikombolea, Mtume, sala na salamu zimshukie, aliwakubalia wafundishe kila mmoja watoto kumi wa Madina, ikawa ndiyo fidia yao. Basi kazi ilisimama mahali pa mali. Asiye na fedha hana udhuru, na mwenye shughuli na atoe kwa kadiri ya nafasi yake.

Mvuvi wa taa huvua usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa nyavu hupumzika. Katika siku hizo na aende asubuhi moja shuleni, amuulize mwalimu hali ya mwanawe, wa kiume na wa kike. Seremala na atengeneze dawati lililovunjika. Mwenye minazi na atoe makuti ya kuezekea chuo. Mkulima na apeleke kuni. Wazazi kumi wakishika zamu, kila mmoja hufika mara moja tu katika siku kumi. Asiyejua kusoma naye, baada ya Isha, amketishe mtoto amsomee. Mtoto ajuaye ya kuwa atasikilizwa hujitayarisha.

La mwisho ndilo zito. Korosho zetu huvunwa khasa Oktoba hadi Desemba, na mtihani wa kidato cha nne hufanywa Novemba. Baba amtoaye mwanawe darasani akaokote korosho hupata magunia machache, na mtoto hupoteza miaka minne. Afadhali majirani waokote kwa ujima, shamba la huyu leo na la yule kesho, watoto wabaki na vitabu vyao.

Na kila atoaye asafishe nia, wala asitaraji mwanawe apendelewe kuliko wenziwe. Mtoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Wabillahi taufiki.