Jigi ya Kipozamataza, Jifunze Ukiwa Urambo

Jigi ni muziki wa kucheza wa Ireland, na mojawapo ya zinazopendwa sana huitwa The Lark in the Morning, yaani kipozamataza wa asubuhi. Filimbi ya bati yenye matundu sita inatosha kuipiga. Na Urambo tuna bahati: kipozamataza tunaye.

1. Anza na ndege mwenyewe. Msimu wa mvua, toka alfajiri uende penye miombo iliyoachana. Kipozamataza wa Ireland hupaa juu sana huku akiimba bila kupumzika. Wetu naye hupaa, lakini huko juu hupiga mabawa: prrr, kimya, prrr-prrr. Ni ngoma kabisa! Utamsikia kitambo kabla hujamwona, maana ni kidoa tu angani. Mpe nusu saa.

2. Msikilize na tetere. Mlio wake una vipande vitatu, na jigi nayo huenda tatu-tatu. Tofauti ni mkazo: tetere hukaza katikati, jigi hukaza mwanzo.

3. Tembea kwanza. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani walitembea kwa nyimbo, nawe fanya vivyo hivyo: mguu wa kushoto noti tatu, wa kulia noti tatu. Imba kwa mdomo, di-di-di, di-di-di. Wenyeji wa Ireland nao huimba jigi hivyo pasipo na ala.

4. Sasa shika filimbi. Ziba matundu kwa nyama ya kidole, si kwa ncha; upenyo mdogo tu na sauti inakwaruza. Noti za juu hutaka vidole vilevile na pumzi yenye nguvu kidogo. Wimbo una sehemu nne, nami nakusihi: sehemu moja kwa wiki.

5. Usikimbilie karatasi. Francis O'Neill, mkuu wa polisi wa Chicago aliyetoa kitabu cha nyimbo 1,850 mwaka 1903, alizishika nyingi kwa sikio. Aliyemwandikia noti ni mwenzake, James O'Neill.

6. Jioni, kaa uani umpigie jirani. Akianza kugonga mguu kabla hujamaliza sehemu ya kwanza, mwendo umekaa. Ingia ya pili.