Dawa na Maombi: Somo juu ya Ndugu Zetu Wenye Ugonjwa wa Akili

Mwezi huu twataka kufundishana neno zito, ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'ona tu: habari ya ndugu zetu walioshikwa na ugonjwa wa akili. Tangu Musoma kando ya ziwa mpaka Bunda na Butiama twawajua. Mmoja hufichwa nyumbani, wa pili hufungwa kamba, wa tatu huzurura barabarani na watoto humtupia mawe. Wala si kwetu tu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 mtu mmoja katika kila watu wanane duniani alikuwa na shida ya akili ya namna fulani, kubwa au ndogo.

Lakini hatuandiki ili kuwalaumu wengine. Twaandika kwa sababu sisi wenyewe tulikosa, na kosa letu lilimwumiza mtu.

1. Kosa letu

Katika mtaa mmoja ulio kati ya Bunda na Butiama alikuwako kijana mwenye bidii, mwana wa mkulima. Akaanza kusikia sauti za watu wasioonekana. Akasema kwamba majirani huyasoma mawazo yake kwa redio. Akaacha kuoga, akaacha kulala, akawa mtu wa kutembea usiku. Wazazi wake wakaenda kwanza kwa waganga, wakauza ng'ombe wawili, wala hapakuwa na nafuu. Mwisho wakampeleka hospitali. Akapewa vidonge, na baada ya miezi miwili akaanza tena kumsalimu mama yake asubuhi na kushika jembe. Jumapili akaja kanisani, akaketi nyuma.

Baadaye ukawako mkutano wa maombi. Mhubiri mmoja akasema kwamba mwenye imani ya kweli haitaji dawa, na aliye nazo azilete mbele. Kijana yule akaja, akaiweka pakiti yake ya vidonge mezani. Watu wakashangilia. Na sisi, mchungaji wao, tulikuwa tumeketi palepale. Hatukusema neno. Tuliitikia Amina pamoja na wengine, na baadaye tukaisimulia habari ile katika sharika nyingine kuwa ushuhuda.

Miezi mitatu kijana alikuwa mzima. Mwezi wa nne usingizi ukamtoka, na sauti zikarudi. Baba yake, akiogopa asije akapotea usiku akafa ziwani, akamfunga kwenye nguzo ya jiko. Tulipofika tuliona kamba imemkata vifundo vya miguu. Mama yake hakutukemea. Aliuliza neno moja tu: "Baba Mchungaji, zile dawa alizoziacha pale mezani, mlizipeleka wapi?"

Hatukuwa na jibu, maana tulijua kwamba zilitupwa shimoni.

2. Mambo tusiyoyajua siku ile

Tangu hapo tumewauliza waganguzi na wauguzi, tukajifunza. Yafaa kila mwinjilisti ayajue mambo haya.

Kwanza, dawa za ugonjwa mkubwa wa akili si za kufisha ugonjwa mara moja kama dawa ya minyoo. Huutuliza na kuuzuia. Nafuu yake huja polepole, kwa majuma mengi. Na ziachwapo, ugonjwa haurudi siku ileile. Mara nyingi hukawia, majuma au miezi. Hapo ndipo tunapodanganyika. Mvua ikikoma, Mto Mara haukauki kesho yake. Lakini asemaye kwamba mto hauna haja ya mvua, na angoje kiangazi. Kijana wetu alikuwa mzima miezi mitatu, nasi tukasema ameponywa. Kumbe ugonjwa ulikuwa njiani kurudi.

Pili, kifafa ni tofauti kidogo, nacho hutibiwa mara nyingi na wahudumu walewale. Dawa iitwayo fenobabitoni imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, nayo hata leo yawasaidia wengi. Mgonjwa akiikatiza ghafla, degedege zaweza kufuatana bila kukoma mpaka afe. Kumwambia mwenye kifafa aache dawa leo ni kumweka katika hatari kesho. Tena sharti azuiwe asipike peke yake kwenye mafiga, wala asiende peke yake ziwani. Kifafa hakiambukizi; mate ya mgonjwa hayampi mtu kifafa. Basi aangukapo msimkimbie, bali mlazeni kwa ubavu, ondoeni vitu vikali karibu naye, msitie kitu kinywani mwake, mngoje. Degedege zikipita dakika tano, pelekeni hospitali.

Tatu, ugonjwa wa akili si aibu ya ukoo wala malipo ya dhambi. Sababu zake ni nyingi: mengine hurithiwa, mengine hutokana na ubongo kuumia, mengine huletwa na misiba mikubwa, na bangi na pombe huzidisha. Mama aliyejifungua naye aweza kushikwa, hata akashindwa kumpenda mtoto wake; huyo ni mgonjwa, si mama mbaya. Na mtu akichanganyikiwa ghafla huku ana homa, msikae kubishana kama ni wazimu. Yaweza kuwa malaria imepanda kichwani. Apelekwe siku ileile.

Nne, kamba si desturi ya Waafrika peke yao. Ulaya pia wagonjwa hawa walifungwa minyororo miaka mingi. Dawa ya kwanza iliyowatuliza sana wagonjwa wa akili, klopromazini, ilianza kutumiwa Ufaransa mwaka 1952. Kabla ya hapo hata madaktari walikuwa na njia chache. Walakini Kanisa halikungoja dawa ndipo lianze kupenda. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, kituo kilichoanzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani kilianza, mapema katika karne ya 20, kuwapokea wagonjwa wa akili, wakapewa kitanda, chakula, kazi ya mikono, na sala. Hospitali ya Lutindi ingali ya Kanisa letu la Kilutheri hata leo. Na serikali nayo ilifungua hospitali ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Mwaka 2008 Bunge letu likatunga Sheria ya Afya ya Akili, maana mtu huyu ni mgonjwa apaswaye kutibiwa.

3. Je, si pepo?

Labda msomaji atauliza: "Je, Biblia haisemi habari za pepo?" Yasema, wala hatuyakani Maandiko. Lakini tuyasome yote. Katika Mathayo 4:24 mwandishi ataja wenye pepo, kisha ataja wenye kifafa na wenye kupooza. Hakuwatia wote katika kapu moja. Twajua pia habari ya mtoto wa Mathayo 17. Bwana alimponya kwa neno lake, nasi twamsifu. Lakini hatuoni popote kwamba Bwana alimnyang'anya mgonjwa dawa yake, wala kwamba alimwagiza mwanafunzi afanye hivyo.

Tazameni tena Isaya 38. Mfalme Hezekia aliumwa karibu kufa. Aliomba kwa machozi, Mungu akamsikia, akamwongeza miaka 15. Maombi yamejibiwa. Je, baada ya hayo nabii alisema nini? Aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Mungu angaliweza kuponya bila tini. Hata hivyo nabii wake hakuona haya kuagiza dawa baada ya maombi. Basi asemaye kwamba dawa ni kukosa imani, na atueleze habari ya zile tini.

Na katika Marko 5 twasoma juu ya mtu aliyekaa makaburini. Minyororo ilikuwa ya watu wa mji, haikuwa ya Bwana. Bwana alipokwisha, mtu yule alikutwa ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Kisha hakumwacha akae kando njiani, bali alimrudisha nyumbani kwa watu wake. Huo ndio mwisho tuutakao kwa kila mgonjwa: aketi, avae, arudi nyumbani.

4. Kazi ya usharika

Basi tufanye nini? Sisi si madaktari, wala hatupaswi kujifanya madaktari. Lakini yako mambo ambayo daktari hawezi kuyafanya, nasi twaweza.

(a) Tusimwondolee mtu dawa. Anayetaka kuacha au kupunguza, na arudi kwa aliyempa. Mchungaji, mwinjilisti au mwimbaji asimwamuru kamwe. Na mgeni akihubiri hivyo mbele yetu, sisi wenyeji tusimame tuseme, hata kama ni aibu kidogo. Ukimya wetu nao ni mahubiri.

(b) Tujue kwamba dawa hizi zina taabu zake. Mgonjwa aweza kulegea kwa usingizi, kutetemeka mikono, au kukakamaa shingo na macho. Watu huona hayo, husema amelogwa au amelishwa sumu, na vidonge hutupwa. Sivyo. Arudishwe hospitali upesi. Dawa yaweza kupunguzwa, au kubadilishwa, au kuongezwa nyingine ya kuondoa taabu ile. Na kwa wengine iko sindano ya kila mwezi badala ya vidonge vya kila siku.

(c) Tuifungue kamba kwa kupeleka msaada, si kwa kukemea. Baba afungaye mwanawe mara nyingi hana la kufanya. Ukimwambia, "Mfungue," kisha ukaenda zako, hukumsaidia. Kaa naye usiku, mtafutieni nauli, nendeni pamoja. Anzeni na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wao wataelekeza hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Musoma, na jambo likizidi, Bugando, Mwanza. Wale wanne wa Marko 2 hawakumhubiria mwenye kupooza. Walibeba pembe nne za godoro.

(d) Tusikilize. Wako wengi wasiosikia sauti wala kutembea usiku, lakini mioyo yao imelemewa: hawali, hawalali, huwaza mno, hawaoni haja ya kuishi. Huko Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi wa mtaani kuketi na watu wa namna hii kwenye benchi nje ya kituo cha afya, kuwasikiliza, na kuwasaidia kuchagua shida moja ya kuanzia. Jambo hili likapimwa kwa uangalifu, na mwaka 2016 likatangazwa kwamba waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kuliko wale waliopata matunzo ya kawaida. Je, sharika zetu hazina mabenchi? Hazina kina mama wazee wenye hekima? Na mkihisi mtu ataka kujiua, mwulizeni waziwazi. Kuuliza hakumtii wazo hilo moyoni. Humfungulia mlango wa kusema. Kisha msimwache peke yake mpaka afike kwa mganga wa hospitali.

(e) Tumrudishe katikati yetu. Wengi wa wagonjwa hawa hawamdhuru mtu. Mara nyingi ndio wapigwao. Tumwite kwa jina lake alilobatizwa, wala si "kichaa." Apatapo nafuu apewe kazi: kufagia kanisa, kupiga kengele, kuimba. Asizuiliwe Meza ya Bwana kwa sababu ya ugonjwa.

5. Mwisho

Kijana wetu alirudishwa hospitali. Safari ya pili nafuu ilichukua muda mrefu kuliko ya kwanza, na alama za kamba zingali miguuni pake. Tulikwenda kwa wazazi wake tukaomba msamaha, kisha tukaomba msamaha tena mbele ya usharika siku ya Jumapili, kwa kuwa ushuhuda ule tuliutangaza hadharani. Mama alitusamehe. Sasa tarehe zake za kliniki tumeziandika katika daftari letu, pamoja na tarehe za ubatizo na kipaimara. Siku ikifika, mzee mmoja wa kanisa hufuatana naye. Kabla hawajaondoka twaomba pamoja, naye hutia pakiti yake mfukoni, huenda.

Ndivyo tulivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

Maswali ya kuzungumza katika darasa

1. Kwa nini mtu aliyeacha dawa aweza kuonekana mzima kwa miezi kadhaa? Jambo hili latufundisha nini juu ya kutangaza shuhuda upesi?
2. Someni Isaya 38. Maombi ya Hezekia na zile tini, je, vilipingana?
3. Katika mtaa wenu, nani amefungwa au amefichwa? Ni nani wanne watakaokwenda kwake juma hili, na nauli itatoka wapi?
4. Mgeni akiwaambia wagonjwa waache dawa mbele ya usharika wenu, ni nani atakayesimama, naye atasema nini?