SOMO: KIJANA WETU AJIUNGE NA KIKUNDI GANI?

Wazazi wapendwa, kabla ya kumwandikisha kijana wa miaka 14, twende tukajionee wenyewe:

1. Mlezi ni nani? Jumuiya yake ndogo ndogo inamjua? Asikae na mtoto peke yao faraghani.

2. Wenzake ni rika lake? Asichanganywe na wa miaka 25 kwenye safari za kulala nje.

3. Wanafanya nini? YCS shuleni hufuata njia ya Kadinali Cardijn: ona, amua, tenda. Kuimba pekee hakutoshi.

Akikataa kwenda ghafla, tusiseme ati ni mkaidi. Tumsikilize kwanza. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda hata kanisani.

Tujadili: Hapa kwetu, mtoto akidhulumiwa kikundini, atamwambia nani?