Zebaki na dhahabu kwenye kioo cha simu
Swali: Niko kidato cha tatu, Geita. Shule yetu haina maabara. Je, mtandao utanisaidia kuelewa kemia na umeme?

Jibu: Ndiyo. Fungua Ptable, jedwali la elementi, usogeze kipimo cha joto. Ukipita nyuzi 357 za Selsiasi, zebaki inageuka mvuke. Dhahabu haiyeyuki hadi 1,064. Ndiyo maana mchimbaji mdogo akichoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu, dhahabu hubaki, na mvuke wenye sumu huingia mapafuni.

Kwa umeme, tumia PhET, tovuti ya majaribio ya kuigiza ya Chuo Kikuu cha Colorado, iliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman. Unga betri, waya na balbu; ongeza volti, uone ampea zinavyopanda. Ni bure, na ukishapakua, hata bando likiisha unaendelea.